Wadau, nanunuaje ovaloki ya insta bila kupigwa? Niko Dodoma

fundi_wa_ipagala

Habari za jioni wakuu, na wa nyumbani mbukwenyi. Mimi ni fundi cherehani nina kibanda changu Ipagala, nashona sare za shule na magauni ya sendoff, sasa muda wote huu nguo zangu napeleka kwa jirani zikapigwe ovaloki, ule mshono wa kufunga ukingo wa kitambaa usifumuke, kila nguo inanila hela na foleni yake juu, nikasema hapana mwaka huu lazima niwe na yangu. Nimekuta duka insta linasema lipo Kariakoo, wanauza ovaloki ya kiwandani ya nyuzi nne na meza yake na mota yake laki sita na nusu. Hapa mjini nimeulizia naambiwa laki nane na nusu na hawashuki hata mia. Picha safi, wafuasi kibao, nimemcheki wasap anajibu vizuri tu mpaka ananiita dada kipenzi.

Shida ni kwamba anataka hela yote itangulie ndo apandishe mzigo kwenye basi, namwambia nitume nusu anasema sisi hatufanyi hivyo, watu wa mikoani mnatusumbua. Mwenzangu tunayeshona naye aliagiza satini hivyo hivyo, rola zikaja pungufu na moja imelowa maji, mpaka leo muuzaji hapokei simu, kwahiyo kila nikifungua menyu ya kutuma hela mkono unagoma. Ila sitaki pia niwe mtu wa kuogopa kila kitu maana kuna watu wananunua mpaka majokofu humo humo na yanafika salama. Nyie mnaonunua mara kwa mara mnaangalia nini? Na hela mnaitumaje? Msinitukane jamani nauliza tu.

mzee_wa_nkuhungu

Panda treni binti yangu. SGR ilipoanza 2024 nauli ya daraja la kawaida Dodoma Dar ilitangazwa 31,000, kwahiyo kwenda na kurudi elfu 62, ukishuka stesheni ya Dar mpaka Kariakoo ni bodaboda tu dakika chache. Unaishika mashine kwa mkono wako, unalipa, unarudi jioni. Mtandaoni nunua kava la simu.

dada_wa_narungombe

Mzee umenichekesha ila kwa mzigo wa laki sita na nusu hujakosea sana 😂

Ngoja niongee mimi niliye upande wa pili. Nauza vyombo Kariakoo na wateja wangu wengi ni wa mikoani, Singida, Manyoni, Dodoma, mpaka Mpwapwa huko. Kwanini tunataka hela mbele: mtu anaagiza leo, wewe unatafuta boksi, unafunga, unamlipa mbeba mzigo, unalipa basi, mzigo unafika kwao anakwambia dada samahani mume wangu kakataa. Sufuria zangu zinakaa stendi, zikirudi nalipia tena mimi, na zingine zinarudi zimebonyea. Kwahiyo muuzaji kutaka hela itangulie sio lazima awe tapeli, wengi tunataka hivyo kwa sababu tumeshaumizwa.

Wewe mpime kwa kitu kingine. Mwambie hivi, "sawa hela nitalipa yote, ila kuna ndugu yangu yupo Dar kesho atapita dukani aione, akiniambia ipo nalipa hapo hapo akiwa amesimama." Muuzaji wa kweli hapo anafurahi, maana mtu akija dukani anaweza kuondoka na kingine pia, atakutumia na lokesheni na kukuelekeza ghorofa na kizimba. Asiye na duka ataanza, mara tuko stoo hatupokei wageni, mara duka linapakwa rangi, mara tumehamia Mbagala kwa muda, mara zimebaki mbili na kuna mtu wa Mbeya analipia saa hizi. Kila Mdodoma ana binamu yake Tandika au Gongo la Mboto, mtumie huyo, mpe hela ya chakula na nauli.

Na kama huna ndugu omba videokoli, asikutumie video iliyorekodiwa. Mwambie aandike jina lako kwenye karatasi aiweke juu ya mashine halafu aiwashe apitishe kitambaa ukiwa unaona. Mimi wateja wananiomba nigonge sufuria chini wasikie mlio na nagonga, shida iko wapi.

fundi_wa_ipagala

Asante dadangu. Nimemuuliza mtaa kanijibu "Kkoo karibu na Msimbazi" basi, nikauliza namba ya duka akatuma emoji ya kucheka. Halafu kuna kingine, lipa namba aliyonipa nikiiingiza linakuja jina la mwanaume wakati duka lina jina la kike. Kwenye insta komenti amezifunga anasema washindani wanamchafua. Video amesema atatuma baadaye.

ticha_wa_makulu

Dada hapo nisimame kidogo maana hili la jina watu wanalipita juu juu.

Kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la unayemlipa, iwe M-Pesa, Mixx, Airtel Money au Halopesa, na siku hizi hata ukituma mtandao mwingine jina linakuja. Hapo ndo pa kusoma taratibu, watu wanabonyeza moja moja moja kama wanafukuzwa. Lipa namba ya biashara kawaida linakuja jina la biashara. Likija jina la mtu muulize huyu nani, anaweza kuwa ndo mwenye duka kweli na hiyo ipo sana Kariakoo, basi akutumie leseni ya biashara au risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, ya mauzo mengine yenye jina hilo hilo. Akisema ni namba ya mdogo wangu, yangu imejaa, funga simu ukashone. Na kuna mchezo mwingine mchafu zaidi, anakupa namba ya wakala anakwambia nenda kwenye kutoa pesa uweke namba hii, ukifanya hivyo hela inatoka kwako kama umetoa wewe, yeye yupo kwa wakala anakunja noti anaondoka. Kulipia bidhaa hakuna sababu yoyote ya kupita kwenye menyu ya kutoa pesa.

Insta yenyewe: gusa jina lake pale juu ya ukurasa, kuna sehemu ya kuhusu akaunti hii, inaonyesha ilifunguliwa lini na imebadilisha jina mara ngapi. Akaunti ya wafuasi elfu themanini iliyobadilisha jina mara kibao, mara nyingi ilikuwa ya udaku au ya mpira ikauzwa, wafuasi wale hawajawahi kununua hata sindano. Halafu chukua ile picha ya ovaloki uipitishe Google Lens, ukikuta picha hiyo hiyo iko kwenye tovuti za China na maduka mengine kumi basi huyo hana mashine ana picha. Sio kosa kutumia picha ya kiwandani ila aliye na mashine sakafuni anapiga na simu yake, utaona vumbi na miguu ya watu.

Komenti kufungwa tu, hilo peke yake lingetosha mimi niache kununua. Washindani kweli wanachafuana, lakini muuzaji mzoefu anajibu palepale, hafungi mdomo wateja wote. Na watu wa tovuti nao, kile kikufuli kwenye anwani kinasema tu kwamba mnayoongea na tovuti hayasomwi njiani, hakisemi mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli pia anaweka kikufuli, bure kabisa. Soma anwani yenyewe herufi kwa herufi.

njoo_majengo

Mnajichosha. Laki mbili ya tofauti mnaitafutia presha. Ukinunua hapa mjini mashine ikigoma kesho asubuhi unambebesha bajaji unairudisha, anakuwekea fundi, vipuri vipo. Ya Kariakoo ikigoma utairudisha na nini?? Toa nauli ya mzigo, toa simu, toa binamu umempa elfu ishirini, toa presha, hiyo laki mbili inabaki ngapi

fundi_wa_ipagala

@njoo_majengo hoja yako naielewa ila laki mbili kwangu ni kitambaa cha sare za darasa zima, siiachi kirahisi hivyo kaka

kijana_wa_vifurushi

Nimeona wanataja basi nikasema niingie, nafanya ofisi ya vifurushi hapa stendi ya Nanenane. Watu wakipigwa hasira zote wanakuja kumalizia kwetu dirishani.

Kwanza mjue risiti ya basi inasema kuna kifurushi kimepokelewa kutoka kwa fulani kwenda kwa fulani, basi. Sisi hatufungui kuangalia ndani. Kwahiyo muuzaji akikutumia picha ya risiti usishangilie, nimeshaona boksi limefungwa selotepu vizuri kabisa kumbe ndani ni matofali na magazeti, mama wa watu alikaa pale kwenye benchi hakuongea mpaka magari ya jioni yakaingia. Risiti yenyewe pia inaweza kuwa ya mzigo mwingine au ya wiki iliyopita, soma tarehe, soma jina lako na namba yako ya simu, namba ya gari kama ipo. Halafu piga ofisi ya basi Dar uwasomee namba ya risiti, ila namba ya ofisi itafute mwenyewe au njoo stendi tukupigie. Namba anayokupa muuzaji anaweza kupokea binamu yake anasema haloo hapa ofisi ya basi.

Pili huo mzigo ni mzito. Ovaloki ya kiwandani hata mtu mzima hanyanyui kichwa chake na mota kwa mkono mmoja akacheka, na meza inakuja kivyake imefungwa. Kama risiti inasema "boksi 1 dogo" na nauli ya mzigo elfu tano, jiulize meza imepanda gari gani.

Tatu, ukifika kupokea fungua HAPO HAPO kabla hujasaini. Washa video ya simu kabla hujakata selotepu, onyesha boksi pande zote, onyesha jina, ndo ukate. Wengi wanaona aibu foleni iko nyuma, wanabeba mpaka nyumbani Nkuhungu, kesho wanarudi wanasema kimevunjika, mimi nitajuaje kimevunjika kwenye gari au kwenye bodaboda. Tukiona wote pale tunaandika, na muuzaji unamtumia video ina tarehe.

Na mtu akikupigia anasema mzigo wako umefika tuma elfu kumi na tano ya ushuru wa stendi ndo tuushushe, huyo sio sisi. Malipo yoyote yanafanyika dirishani na unapewa karatasi.

mama_kibaigwa

Haya madini. Mimi nauliza la pembeni jamani, za China je? Alibaba na AliExpress, kuna mtu ananishawishi tuagize mashine ya kukoboa. Sina kadi ya benki.

bwana_kontena

@mama_kibaigwa kwa ufupi, huko ni salama kuliko insta kwa kitu kimoja, hela yako haiendi moja kwa moja kwa muuzaji. Alibaba ukilipia kwa Trade Assurance, AliExpress ukilipa ndani ya apu yao, inashikiliwa mpaka mambo yaende mlivyokubaliana, mkigombana unafungua madai unaweka picha na video. Ndo maana muuzaji mjanja wa huko atakuambia tutoke nje ya apu, uje WeChat, utume Western Union nikupunguzie asilimia kumi. Ukitoka nje tu huna pa kudai. Mazungumzo yote ya saizi, voltiji na idadi yafanyie humo humo.

Kadi unatengeneza ya mtandaoni kwenye simu, M-Pesa wanayo, Airtel Money wanayo, unaweka hela ya mzigo huo tu. Hata namba zake zikiibiwa watakuta mia tano. Sasa kwa mashine ya kukoboa sumu iko kwenye usafiri, kwa ndege wanakupiga kwa kilo, kwa meli kwa CBM yani ujazo, na kuna kodi bandarini, kwahiyo bei uliyoiona kwenye apu usiishangilie. Uliza wakala wa kago bei ya mpaka Dar KABLA hujalipa. Ukinunua rejareja AliExpress usibonyeze nimepokea wakati hujapokea, hata muuzaji akilia.

msomaji_wa_kisasa

Hakuna aliyesema ukishapigwa unafanyaje. Dakika za mwanzo ndo zenye maana, piga 100 huduma kwa wateja wa mtandao wako, wape namba ya muamala, kama hela haijatolewa wanaweza kuizuia, ikishatolewa kwa wakala ni shughuli nyingine. Ile meseji ya tapeli ifowadi kwenda 15040, ni namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ya kuripoti namba za matapeli. Skrinshoti za mazungumzo zote piga kabla hajakubloku au kufuta, pamoja na ukurasa wake, nenda polisi uchukue RB, namba ya taarifa yako pale kituoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawahusu hao. Ofisi ya TCRA Kanda ya Kati ipo hapa hapa Dodoma. Usitegemee miujiza ila bila RB hakuna atakayekusikiliza, hata mtandao wa simu watakuuliza.

Na bonyeza *106# mara moja moja uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana laini anayotapelia mwenzio inaweza kuwa na jina lako wewe.

Pia mtu akipigwa anakuja mwingine anajiita afisa anasema nitakurudishia hela yako nipe namba ya siri au zile tarakimu zilizoingia kwa meseji. Huyo ndo tapeli wa pili. Hakuna mfanyakazi wa kampuni ya simu anayehitaji namba yako ya siri.

dume_la_veyula

mm nilinunua simu hivohivo insta ikafika fresh, nilichofanya nikabonyeza *#06# ikaja imei, namba ya utambulisho wa simu, nikaituma kwenda 15090 ikaja kampuni na modeli sawasawa na simu, watu mnaogopa sana

ticha_wa_makulu

@dume_la_veyula hiyo uliangalia baada ya kulipa au kabla?

dume_la_veyula

baada 😅

fundi_wa_ipagala

Jamani nawashukuru. Kwa ufupi, yule wa laki sita na nusu nilimwambia binamu anakuja kesho, akaniambia duka lina msiba wiki hii yote, ila hela naweza kutuma "ili kushikilia bei". Nikamuuliza nikishikilia bei yeye anashikilia nini, kimya mpaka sasa hivi, tiki mbili za bluu.

Ila sijaacha. Dada wa Narung'ombe kanielekeza inbox mtaa wanapouza vyerehani, nimempata mwingine bei laki saba na ishirini, huyu kanitumia lokesheni bila kuombwa na risiti ya EFD, jina la lipa namba na jina la kwenye bango ni moja, na alipiga videokoli mwenyewe, fundi wake anashona kipande cha kitenge namuona na redio inaongea nyuma. Binamu yangu wa Tandika anaenda Jumamosi. Tumekubaliana nalipa yeye akiwa dukani, na usafiri mpaka Nanenane nalipa mimi. Sasa binamu mwenyewe hajawahi kugusa cherehani maishani mwake, aangalie nini huko?

fundi_mwenzio_kizota

Hiyo nakujibu mimi. Aende na vipande viwili vyake kutoka nyumbani, kimoja kitambaa chepesi kama satini na kingine kizito jinzi, asikubali kitambaa cha dukani maana mashine wameshaitegeshea hicho. Ashonewe vyote bila kubadilisha mipangilio sana, halafu auvute mshono kwa mikono miwili pande zote, ukifunguka au uzi ukikatika wairekebishe mbele yake. Aangalie ukingo ulivyokatwa, kisu kikali kinaacha mstari safi, kisu kibovu kinatafuna kitambaa kinaacha manyoya. Waiache iwake dakika kadhaa aweke mkono juu ya mota, joto la kawaida sawa, ikiungua mkono hapana. Aulize mota ni ya servo au ile ya zamani ya klachi, servo haipigi kelele na haili umeme, kwa luku zetu hizi chukua servo hata ukiongeza kidogo.

Kibandiko cha jina la kampuni asikiamini, kinabandikwa popote. Namba iliyogongwa kwenye chuma cha kichwa ndo iandikwe kwenye risiti, na aipige picha, ili kitakachofika Nanenane kiwe kile kile alichokishonea. Meza wafungue miguu waifunge bapa na kichwa kiwe kwenye boksi lake kivyake, mafuta yamwagwe yasije kulowesha mizigo ya watu kwenye buti.

fundi_wa_ipagala

Nimemfowadia kama ilivyo. Ananiuliza jinzi ataitoa wapi 😂

fundi_mwenzio_kizota

Mwambie akate mguu wa suruali yake ya zamani, na akukumbushe umlipe